Hospitali Iliyozinduliwa Mpaka Ikakosa Hewa

Katika Jamhuri ya Makofini hakuna kitu kinachohesabiwa kuwa kipo mpaka kizinduliwe. Wageni hawalielewi jambo hili haraka. Unaweza kuliona daraja kwa macho yako, ukapita juu yake na ng'ombe wako, ukafika ng'ambo salama salimini, lakini kama hakuna Mheshimiwa aliyekata utepe, serikalini utaambiwa umeogelea, na utaulizwa kibali cha kuogelea kiko wapi. Bomba la Mtaa wa Vumilia limezinduliwa mara nyingi, tena na watu wazito, na wakazi wanalipenda sana bomba lao ingawa bado linasubiri maji. Watoto wanazaliwa kabla ya kuzinduliwa, ni kweli, ila suala hilo liko kwenye kamati.

Nchi ya namna hiyo lazima iwe na mtu wa kushika maiki, na mtu huyo alikuwa Shomvi Mkadimba. Lo, bwana yule alijaliwa sauti! Alikuwa mshereheshaji mkuu wa taifa, ana suti ya rangi ya zabibu inayometameta hata siku ya mawingu. Akimtambulisha mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya mwenyewe hushika mdomo kwa mshangao: kumbe yeye ni mtu mkubwa kiasi hicho! Siku moja alimtambulisha mweka hazina wa chama cha wafuga kuku, mpaka mama mzazi wa yule mweka hazina akamgeukia jirani yake akauliza, "Jamani, huyu anayesemwa ni nani?"

Shomvi alikuwa na mke aliyeitwa Semeni, muuza vitumbua wa Soko la Juu. Huyo hakuhitaji maiki. Akianza kumpa mtu ukweli wake, wauza nyanya waliacha mizani wakaja kusikiliza, na aliyekuwa akisemwa alisikiliza pia, maana hakuna namna nyingine. Shomvi ndiye aliyekuwa akisemwa zaidi ya wote. Kila jioni alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa mkekani, akaambiwa makosa yake yote ya siku ile bila kituo, na alilala usingizi mzuri.

*

Sasa tuje kwenye Hospitali ya Taifa ya Vifua.

Hospitali hii ilichorwa na msanifu mmoja mwenye tabia mbaya ya kufikiri kabla ya kuchora. Yule mama alipanda Kilima cha Mbisi akakaa huko na kiti chake cha kukunja, asubuhi na jioni, akiuliza upepo unatoka wapi na unaelekea wapi. Ndipo akachora wodi zenye madirisha mapana pande zote mbili, hewa iingie huku itokee kule, jua la asubuhi lifike miguuni kwa mgonjwa bila kumchoma machoni, na mtu akiwa amelala chali aone matawi ya miti. Jengo likajengwa. Wagonjwa wakaanza kupona kwa namna iliyokaribia utovu wa nidhamu. Mtu analetwa kwenye machela hajitambui, wiki haijaisha anaulizia nauli ya kwenda kwao.

Serikali ilishtuka. Mafanikio ambayo hayajatembelewa na kiongozi ni mafanikio ya nani?

Basi viongozi wakaanza kupanda kilima. Na kwa sheria ya Makofini, kiongozi akitembelea jengo la umma huacha bamba la marumaru lenye jina lake, cheo chake na maneno mawili matatu ya busara. Kuta za nje zikajaa mabamba kuanzia chini hadi usawa wa paa. Ikatungwa kanuni mpya: bamba liwekwe mahali ambapo macho ya wananchi yanaelekea. Tume ikaundwa kuchunguza macho ya wagonjwa yanaelekea wapi. Tume ililala wodini, ikala kuku, ikapewa posho ya kulala na posho ya kuamka, na mwisho ikatoa jibu ambalo hakuna aliyeweza kulipinga: mgonjwa hutazama dirishani.

Basi ndo hivyo. Bamba la kwanza likapachikwa dirishani, likakaa vizuri kabisa, mafundi wakapiga saruji pembeni, na Shomvi akawaongoza wageni kupiga makofi ya kilo. La pili likafuata. Wagonjwa wakaanza kupona polepole kidogo. Wakuu wa idara wakaja kuona kwa nini wagonjwa wanapona polepole, na kila mkuu wa idara akaacha bamba. Wagonjwa wakaacha kupona. Hapo sasa ikawa dharura, na dharura huleta wakubwa zaidi, na wakubwa zaidi wana mabamba makubwa zaidi.

Wizara haikukaa kimya, tuseme ukweli. Wataalamu walipima wakagundua kwamba wagonjwa wanavuta hewa kwa uchoyo. Ikapangwa zamu: wa vitanda vya upande wa kulia waheme asubuhi, wa kushoto mchana, na wenye vyeo waheme muda wowote. Halafu akaletwa mchoraji, akachora juu ya kila bamba pazia linalopeperushwa na upepo. Lilichorwa kwa ustadi sana, hata Naibu Waziri aliposimama mbele yake alifunga kifungo cha koti akasema kuna baridi.

*

Kifua cha Semeni kilianza kubana wakati wa masika. Ulikuwa moshi wa vitumbua, au unyevu, au umri, nani ajuaye. Alianza kwa kukatisha maneno katikati. Baadaye akawa anasema maneno matatu anapumzika, kisha mawili. Jioni moja Shomvi alirudi, akavua viatu, akakaa mkekani akisubiri, na Semeni akamtazama tu huku anahema.

"Umechelewa," akasema. Akashika ukuta. "Tena."

Ikawa ndiyo hiyo. Hakuna kingine. Shomvi aliyezoea kusemwa mpaka nyota zitoke akakaa pale katika ukimya wa nyumba yake mwenyewe, hofu ikamwingia. Kesho yake alimbeba mke wake hadi Kilima cha Mbisi.

Sista Felista Nyoni, msimamizi wa Wodi ya Tatu, alimpokea kwa uso wa mtu ambaye hajavuta hewa nzuri tangu mwaka jana. "Una bahati, kaka," akamwambia. "Kitanda cha dirishani kimepata nafasi."

"Dirisha lipo?"

"Moja. Usipige kelele."

Ni kweli lilikuwepo. Mwisho kabisa wa wodi, nyuma ya kabati la mashuka, kulikuwa na dirisha moja dogo ambalo hakuna Mheshimiwa aliyewahi kulitaka, kwa sababu halikutosha kuandika cheo kizima. Hewa iliyoingia pale ilikuwa nyembamba lakini ya kweli, ina harufu ya majani. Sista Felista alikuwa amepanga foleni: wagonjwa wote wa jengo hilo huja kwa zamu, kila mmoja anaweka uso dirishani, anavuta pumzi zake chache, anasema asante, anampisha mwenzake. Semeni, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha lenyewe, alipata makombo ya kila mtu.

Makombo hayo yakamfaa. Baada ya siku kadhaa akawa anasema maneno manne kwa mpigo. Shomvi alikuja kila jioni na uji, anakaa pembeni ya kitanda, anasubiri.

"Uji huu una bonge," alisema Semeni jioni moja. Akapumzika. "Nani kakufundisha kukoroga?"

"Sema tena, Mama Chausiku," Shomvi akamwomba. "Nitukane kidogo. Chochote kile."

"Nikipata... nafasi," akasema Semeni, na akalala.

*

Bahati mbaya ya kitu kizuri katika Makofini ni kwamba habari zake hufika juu. Waziri wa Afya, Uzinduzi na Mambo ya Utepe, Mheshimiwa Profesa wa Heshima Ponsiano Kahamba, alisikia kwamba kuna dirisha linaloponya watu. Alifurahi sana, machozi yakamlengalenga. Akaagiza dirisha hilo litunukiwe heshima ya juu kabisa ambayo taifa linaweza kulipatia dirisha: Bamba la Dhahabu la Kulienzi Dirisha Bora. Likapachikwe wapi? Dirishani, bila shaka. Ungeliweka wapi tena?

Msimamizi wa shughuli alikuwa Bwana Chikoti, Afisa Itifaki Mkuu, mtu mnene mwenye leso mbili, moja ya jasho na moja ya heshima. Alimwita Shomvi ofisini ampe kazi.

"Mzee Shomvi, hii ni shughuli ya maisha yako," akasema. "Mgeni rasmi ni Waziri mwenyewe. Pazia likivutwa tu, mafundi wanapachika. Saruji inakauka kabla watu hawajamaliza soda."

"Bwana Chikoti, mke wangu analala chini ya dirisha hilo."

"Hongera sana!"

"Namaanisha, likizibwa atakosa hewa. Haliwezi kukaa pembeni? Hapo ukutani, karibu karibu?"

Bwana Chikoti alitoa leso ya heshima akajifuta mdomo. "Pembeni? Waziri awe wa pembeni? Wewe Shomvi una homa?" Halafu akamwinamia kwa huruma, maana hakuwa mtu mbaya. "Ukikataa, nitamwita yule kijana wa redioni. Yeye shughuli nzima anaimaliza kabla viti havijapata joto."

Shomvi akaipokea kazi. Angefanyaje?

Kulikuwa na tatizo dogo la kiufundi. Bamba la Waziri lilikuwa kubwa na dirisha lilikuwa dogo. Kwa hiyo siku moja kabla ya shughuli mafundi walitumwa kulipanua dirisha, lipate kuzibwa vizuri. Wakabomoa ukuta kushoto na kulia, wakalihamisha kabati la mashuka, na ghafla upepo wote wa Kilima cha Mbisi ukaingia Wodi ya Tatu kwa kishindo. Mashuka yakaruka. Mzee mmoja aliyekuwa haongei tangu alipolazwa akaomba mihogo ya kukaanga. Wagonjwa walicheka ovyo, wakakumbatiana na waashi.

Shomvi alipofika jioni alimkuta Semeni ameketi, kanga imemkaa vizuri, macho makavu.

"Hiyo suti inanuka jasho na umeivaa tangu Jumapili, ukifika nyumbani uianike," akasema Semeni, moja kwa moja.

Shomvi akadondosha uji. "Rudia!"

"Nirudie nini, wewe huna pua?" Akamwangalia. Uso ukamlainika kidogo. "Kesho wanaziba, eti?"

"Wanaziba."

"Na wewe ndiye mwenye maiki."

"Mimi ndiye."

Semeni alimshika mkono tu, na Shomvi akahisi kwamba hajawahi kusemwa vikali kiasi hicho tangu aoe.

*

Siku ya shughuli ilifika ikiwa na jua kali. Kanuni inataka sherehe ifanyike palipo na bamba, kwa hiyo viti vyenye vitambaa vyeupe vilipangwa ndani ya Wodi ya Tatu, vitanda vikasukumwa ukutani, na wageni wakaingia: wakurugenzi, wakuu wa wilaya, wenyeviti, makatibu wa wenyeviti, wapiga picha, kwaya ya Wizara yenye sare za mikono mirefu. Waliingia mpaka wodi ikajaa, wakajaa kwenye korido, wakajaa kwenye ngazi. Waziri Kahamba alikaa meza kuu akiwa na suti nzito na mashada ya maua shingoni. Kwenye dirisha lililopanuliwa kulikuwa na bamba juu ya toroli, limefunikwa kwa pazia la kijani, na pembeni mafundi wawili na ndoo ya saruji mbichi. Jambo moja hakuna aliyelifikiria. Toroli, bamba, mafundi na Bwana Chikoti walisimama mbele ya dirisha lile moja, na hewa kuwapenya ilikuwa kazi.

Shomvi alishika maiki. Hakuwa na mpango. Alijua kitu kimoja tu: sheria inakataza mafundi kugusa bamba kabla pazia halijavutwa, na pazia halivutwi mpaka mshereheshaji aseme. Ilimradi anaongea, dirisha liko wazi.

Basi akaongea.

Nchi jirani, mzungumzaji akisema "itifaki imezingatiwa" anakuwa amewasalimia wote kwa mkupuo na anaendelea na yake. Katika Makofini kusema hivyo ni kosa la jinai. Huku kila aliyepo hutambulishwa kwa jina, cheo, cheo cha zamani na kijiji alikotoka, na kila mmoja husimama, hupunga mkono, hukaa. Akisahaulika mmoja, utambulisho huanza upya, maana aliyesahaulika anaweza kuwa shemeji ya mtu.

Shomvi alianza na Waziri. Alieleza alivyozaliwa. Alieleza mvua ya siku hiyo. Akaja kwa Katibu Mkuu, akaja kwa wakurugenzi, akashuka taratibu, ana sauti tamu, hakimbii. Alipokaribia mwisho kabisa, akapiga paji la uso.

"Waheshimiwa, naomba radhi mno! Nimemruka Kaimu Msaidizi wa Bwana Mifugo!"

"Hapana, hapana, mimi sina neno," akasema Kaimu Msaidizi huku anatoka jasho.

"Huna neno? Mtu mkubwa kama wewe? Tunaanza upya!"

Ukumbi ukapiga makofi, lakini makofi yalikuwa na unyevunyevu. Mara ya pili alimsahau mpiga kinanda. Mara ya tatu alimkumbuka kila mtu, ila akapata shaka na cheo cha zamani cha mtu fulani, na kwa kuwa yeye ni mtu wa haki, akaanza upya. Kwaya iliitwa kuimba ili watu wapumzike. Waimbaji walifika kwenye kibwagizo, sauti ya pili ikakaa chini, sauti ya nne ikalala.

Wagonjwa hawakuwa na shida. Wao walikwisha kuzoea kuhema kwa kubana matumizi, na walikuwa wakiangalia kutoka vitandani kwa udadisi mkubwa. Bibi wa kitanda cha pili akampisha Mkurugenzi wa Mipango godoro lake. "Jinyooshe, mwanangu," akamwambia. "Usivute yote kwa mara moja, utaimaliza."

Kufika mchana, wilaya nzima ya Mashariki ilikuwa imelala kwenye vitanda na viatu vyao. Tai zimelegezwa, mashada yamenyauka. Waziri Kahamba alikuwa wa rangi ya karatasi.

"Chikoti," akanong'ona, "hapa... kuna nini? Mbona... hewa..."

Alikuwa anasema maneno mawili mawili. Shomvi alimsikia kupitia maiki ya meza kuu, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikayumba.

Waziri aliinuka kwenda dirishani. Sista Felista akamwekea mkono kifuani.

"Foleni, Mheshimiwa."

"Mimi ni Waziri!"

"Naona. Mbele yako kuna bibi wa kitanda cha pili, halafu dereva wako, halafu wewe."

Na Waziri wa Afya, Uzinduzi na Mambo ya Utepe akapanga foleni nyuma ya dereva wake, ameshika nguzo ya kitanda. Zamu yake ilipofika alipenya kati ya toroli na tumbo la Bwana Chikoti, akatoa kichwa nje ya dirisha, akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Mabega yakashuka. Alikaa huko nje kichwa peke yake kwa muda mrefu, na aliporudi ndani alikuwa na uso wa mtu aliyekumbuka kitu cha utotoni.

"Ni tamu," akasema. "Nani kaizindua hii?"

"Hakuna, Mheshimiwa," akasema Sista Felista. "Ilikuja yenyewe."

Waziri akageuka kuwatazama wageni wake waliotawanyika vitandani. "Fungueni na mengine, basi! Watu wanakufa humu!"

Bwana Chikoti alitoa leso zote mbili. "Hayafunguki, Mheshimiwa. Yamezinduliwa. Na kwa sheria yako ya mwaka juzi, bamba haligusiki isipokuwa katika sherehe rasmi, na mgeni rasmi awepo, na mshereheshaji atangaze."

Watu wote, waliokaa na waliolala, wakamgeukia Shomvi.

Shomvi Mkadimba alikohoa kusafisha koo. Ikatoka ile sauti yake yenyewe, ile iliyomwongezea kimo kila mtu iliyemgusa.

"Mabibi na mabwana! Kama mnavyoona, sherehe ipo. Mgeni rasmi yupo. Na sasa tumefikia kilele cha shughuli yetu ya leo, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Makofini iwe Makofini. Kwa heshima na taadhima, namkaribisha Mheshimiwa Waziri azindue tundu la kwanza la taifa! Wapiga picha, mko tayari? Fundi, mpe Mheshimiwa nyundo. Ifungwe utepe kwanza, jamani, tusiwe washamba!"

Nyundo ikafungwa utepe. Waziri aliishika kwa woga, akaongozwa hadi dirisha la karibu, akalisoma bamba lililokuwepo. Lilikuwa lake mwenyewe, la zamani, lilimtaja kama Kaimu Mkuu wa Wilaya tu, na jina lake lilikuwa dogo kuliko la aliyetoa saruji. Mheshimiwa alilichukia bamba lile kwa miaka. Akavua koti, akapiga. Marumaru ikapasuka, mwanga ukaingia, upepo ukaingia na vumbi, na wapiga picha wakammiminia taa. Alipiga la pili bila kuombwa.

Loo! Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kila mwenye bamba alitaka kuzindua tundu lake. Mkurugenzi wa Mipango aliruka kutoka kwenye godoro la bibi akidai nyundo kwa mujibu wa cheo. Wakuu wa wilaya walisukumana. "Mimi dirisha langu lile pale!" "La kwangu ni pana zaidi!" Mwenyekiti mmoja ambaye hakuwahi kuwa na bamba alilia kama mtoto kwa kukosa la kuvunja, ikabidi apewe kupiga la marehemu mjomba wake. Shomvi alimtangaza kila mmoja, na ukumbi ulipiga makofi mpaka vumbi likafanya mawingu. Madirisha ya upande wa mashariki yakafunguka, kisha ya magharibi, hewa ikaingia huku ikatokea kule, na miti ikaonekana, mingi, imesimama palepale ilipoachwa.

*

Ilipofika alasiri, Waziri alikuwa ameketi juu ya kifusi, ana vumbi kichwani, ana furaha. Alisema hajawahi kuhudhuria sherehe nzuri namna ile. Wageni walikuwa wakinywa soda na kuhema kwa sauti, kwa kujionyesha.

Ndipo Bwana Chikoti alipokohoa. "Mheshimiwa, limebaki jambo dogo la kiitifaki. Tukio kubwa kama hili lazima liachiwe bamba. Na hili la dhahabu tayari tunalo. Tuliweke wapi?"

Watu wakaangalia huku na huku. Na kama ilivyo kawaida ya macho ya binadamu, taratibu, bila nia mbaya yoyote, macho yote yakaelekea dirishani, juu ya kitanda cha Semeni. Fundi akachukua mwiko. Waziri akainuka na kusogea kwenye pazia la kijani, na mkono wake ukaushika uzi wa kulivuta.

Semeni akasimama juu ya kitanda.

"Hivi nyie watu mna wazimu gani nyie, mtu anavuta hewa ya Mungu ambayo hamkuileta wala hamjui bei yake mnakuja na jiwe mnamzibia pua halafu mnataka awapigie makofi, wewe Kahamba mama yako alikuzaa kwenye nyumba yenye dirisha au alikuzalia mtungini, tangu asubuhi umepanga foleni kama sisi na umehema kama sisi na umelegea kama sisi na bado mkono wako unakwenda kwenye uzi, uache huo uzi, na wewe Chikoti na tumbo lako hilo umenisimamia kwenye upepo wangu siku nzima kama kabati, hebu sogea, sogea zaidi, na nyie wapiga picha mnapiga nini, mpigeni huyu bibi aliyewapa godoro lake na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaitwa nani, na wewe Baba Chausiku usijifiche nyuma ya hiyo maiki, nimekuona, kila jiwe lililomnyima mtu pumzi humu ndani wewe ndiye ulilipigia debe na hiyo suti yako ya zabibu, mimi na wewe tuna maongezi marefu, na kama mnapenda sana majina yenu yakae kwenye mawe basi subirini, siku itafika mtawekewa, tena bure, lakini dirisha hili hamlizibi leo wala kesho wala..."

Katika Makofini kumwambia Waziri neno moja la namna hiyo ni jela, na haya yalikuwa mengi mno hata karani wa mahakama asingeweza kuyafuata. Waziri alibaki na uzi mkononi, mdomo wazi. Bwana Chikoti akasogea mbio mbio hadi kwa Shomvi.

"Mkane!" akamnong'oneza sikioni. "Tangaza kwamba ni mgonjwa, amepata homa, hajui asemalo! Upesi, kabla Mheshimiwa hajaelewa!"

Shomvi hakumsikia. Hata maneno ya mke wake hakuyasikia, ingawa nusu yake yalimhusu yeye. Alikuwa akisikiliza kitu kingine. Alikuwa akisubiri pale ambapo Semeni angekatika, angeshika ukuta, angehema. Alisubiri tangu kwa Kahamba mpaka kwa Chikoti, mpaka kwa wapiga picha, mpaka kwake mwenyewe, na Semeni hakukatika popote. Machozi yalimtiririka Shomvi Mkadimba mbele ya taifa zima, yakashuka mpaka kwenye kola ya suti.

Semeni akanyamaza. Akavuta pumzi moja, ndefu, na ikaingia yote.

Shomvi akainua maiki.

"Waheshimiwa wageni waalikwa, mabibi na mabwana," akasema, "huyo mnayemwona amesimama kitandani ni Semeni binti Kondo, muuza vitumbua wa Soko la Juu, mke wangu wa ndoa. Naomba mkae vizuri kwenye viti vyenu. Bado hajamaliza."